Mafuta ya Yasini Tatu

Mama Bernadina, kama umenizidi umri pokea shikamoo yangu, na kama tumelingana basi nirudishie kwa kicheko, maana picha yako pale juu ya safu ni ndogo na macho yangu siku hizi yanataka mwanga. Nina jambo limenikaa kifuani wiki ya tatu sasa, na leo baada ya swala ya adhuhuri nimekaa barazani nimeshika kalamu niseme lote. Usinionee huruma kabla hujafika mwisho wa barua. Na majina yabadilishe ukiamua kuyatoa, maana huku kwetu Misima gazeti moja linasomwa na nyumba kumi.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa, nimeishia darasa la saba, swala tano siachi, nina mume na watoto wanne, tunalima mahindi na ufuta kama wenzetu wengi wa Handeni, na kazi yangu ya pembeni niliyoirithi kwa marehemu mama yangu ni kupika mafuta ya nazi. Nazi nafuata sokoni Chanika hapa hapa Handeni, zinakuja na magari kutoka Pangani na Muheza, nachagua zilizokomaa zenye kulia maji ukizitikisa, nazikuna kwenye mbuzi, nakamua tui zito, naliacha litulie mpaka utando uelee juu, nauengua ule utando na kuubandika kwenye moto wa kuni ndogo ndogo, halafu nakoroga bila kuinua mkono. Sasa mama yangu hakuwa na saa, na hata angekuwa nayo asingejua kuisoma, ila sura ya Yasini aliihifadhi tangu usichana, kwa hiyo akapima mapishi kwa Yasini. Yasini ya kwanza povu linapanda, ya pili povu linakatika na sauti ya sufuria inabadilika, ya tatu mafuta yanasimama juu yamenyooka kama maji na makapi yanageuka kahawia chini, hapo unaipua, ukichelewa yananuka moshi. Alisema pia ni afadhali mdomo uwe na kazi, maana mimi na yeye tukianza habari za majirani mwiko unasimama na mafuta yanaungua, jambo ambalo lilitutokea zaidi ya mara moja. Basi ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo ninavyopika mpaka leo, Yasini tatu kwa sufuria, na saa ya ukutani ninayo.

Mafuta yenyewe nayajua ndani nje, Mama Bernadina, sikudanganyi. Kiangazi chetu hiki miguu inapasuka visigino mtu anaogopa kuvua viatu msikitini, unapaka siku tatu nne usiku visigino vinarudi. Nywele za binti zangu sijawahi kuzitia dawa ya dukani, nazipaka mafuta kabla ya kusuka na zinashikana vizuri. Watoto wachanga wa mtaa huu nimewakanda wengi, wakishatoka arobaini mama zao wananiletea. Wali ukiutia kijiko kimoja wakati maji yanakauka kila punje inasimama peke yake, na kisamvu siku ambayo sina nazi ya kukuna naungia hayo hayo na mume wangu hajui tofauti, au anajua na ananyamaza. Hata wa kule Vugiri milimani wananiagiza kwa ajili ya midomo, baridi yao inawachana. Hayo yote ni kweli na ningeyasema mbele ya yeyote.

Kosa langu linaanzia kwa Yasinta. Huyu ni mama wa Ngombezi, wazee wake walikuja zamani kukata mkonge wakabaki, yeye ni Mkristo, tunapatana sana, huja kuchukua chupa zangu na kuzipeleka kule kambini. Siku moja mwaka jana alinikuta jikoni niko kwenye Yasini ya pili, nikamwonyesha kigoda kwa mkono akae, nikaendelea, maana ningekata ningepoteza hesabu. Nilipoipua akaniuliza kwa sauti ya chini kama yuko kanisani, "Mama Husna, kumbe unayaombea?"

Mama Bernadina, ningeweza kumjibu kwa maneno matano. Ningesema, napima tu muda wa kuipua. Sikusema. Nilitabasamu.

Yasinta akaondoka na lile tabasamu pamoja na chupa zake. Haukupita mwezi watu wakaanza kuja kutafuta mafuta ya Yasini. Si kwa visigino tena. Mmoja analalamika mgongo, mwingine binti yake haolewi, mzee mmoja presha, na mimi nilikuwa namimina chupa nasema "Mungu ndiye mponyaji," neno ambalo ni la kweli kabisa, ila nilijua mimi mwenyewe kwamba nalisema ili nisiseme lile lingine. Na jina likabadilika. Nilikuwa Mama Husna miaka ishirini na tano, nikawa Mama Yasini. Nikipita mtu anasimama. Kwenye darasa letu la wanawake la Alhamisi, mimi ambaye nilikuwa nakaa mlangoni karibu na viatu, nikaanza kuvutiwa mkeka mbele. Sitaficha, nilipenda. Nililipenda jina lile kuliko ninavyoweza kukuandikia, na hilo ndilo linaloniuma zaidi ninapoinama kusujudu.

Sasa nifike kwa wifi yangu. Zamda ni dada mkubwa wa mume wangu Mdoe, ndiye aliyemlea walipofiwa na mama, na kiwanja chake kinapakana na changu, tunaombana chumvi. Ana kisukari mwaka wa nane, alikuwa anakwenda kliniki kila mwezi na vidonge vyake anameza bila kukosa. Wakati wa palizi alikanyaga kisiki cha mhindi akachomeka chini ya kidole gumba. Akanifuata, nikampaka mafuta, kweli nilimpaka kwa mkono wangu, nikadhani ni mchubuko. Baada ya siku chache akaniambia kwa furaha, "Wifi, mafuta yako yana kazi, kidonda hakiumi hata kidogo, nimekibonyeza na ukucha sisikii kitu!" Na kwa furaha hiyo akaamua jingine ambalo hakuniuliza. Ameacha vidonge. Kila asubuhi kabla ya chai anakunywa vijiko viwili vya mafuta yangu, anasema Yasini itasafisha damu, vidonge vimemchosha tumbo.

Nilijua lini? Nilijua Alhamisi moja aliposimama darasani mbele ya wanawake wote, akanyoosha mkono kunionyesha, akasema, "Mnamwona huyu? Huyu ni wifi yangu lakini leo namwita daktari wangu. Hospitali imeninywesha vidonge miaka minane, Yasini ya huyu wiki moja." Wanawake wakapiga takbiri. Wengine wakanishika kichwa kutafuta baraka. Nami nilikaa pale mbele kwenye mkeka wa heshima, na sikufungua mdomo.

Siku iliyofuata nilikwenda kwake na beseni la mihogo kama kisingizio. Nikamwambia anyooshe mguu nione. Kidonda kimekuwa na ukingo mweusi, Mama Bernadina, na kina harufu. Ameanza kuvaa soksi akija kwangu. Nikamwambia, "Wifi, tukipeleke hiki hospitali."

Akacheka. Zamda ana mdomo, nao unakata. "Tukipeleke wapi? Mafuta umepika wewe, kisomo umesoma wewe, ukanipaka wewe, leo umeyakana? Au ulikuwa unasoma kwa mdomo mtupu na moyo uko sokoni?"

Nikasema, "Wifi, mimi si mganga."

"Sijakuita mganga mimi, mganga namtafutia nini? Nimesema ni Qur'ani. Haya, niambie hapa tukiwa wawili, Qur'ani inaponya au haiponyi?"

Nikasema inaponya. Akaniambia, "Basi chukua beseni lako, mihogo nimeipokea."

Nikarudi nikamweleza mume wangu yote, hata habari ya tabasamu, hata hesabu ya kuipua, ambayo yeye anaijua tangu aliponioa. Mdoe ni mtu mwema lakini kwa dada yake ni mtoto. Akashika kichwa, akasema, "Mke wangu, ukisimama kuwaambia watu kwamba ile Yasini ilikuwa ya kupimia sufuria, watasema umeifanyia mzaha. Na ukisema haijamponya dada, watasema umeikanusha. Utatupeleka msikiti gani sisi?" Kisha akaniambia tuvute subira, pengine kitakauka chenyewe.

Hakikauki. Leo ni wiki ya tatu. Jana nilimwona anatembelea kisigino.

Nimeshaamua, naomba unielewe. Siandiki ili unishawishi, nimeswali, nimelia, nimeamua kusema, na jina la Mama Yasini liende linakokwenda. Ninachokosa ni njia. Nimwambieje mtu kwamba mafuta niliyoyapika huku nasoma maneno ya Mungu hayawezi kuponya kidole chake, bila yeye kusikia kwamba nimesema maneno ya Mungu hayawezi? Nikikosea kulisema hilo atanifungia mlango, na mlango ukifungwa kidonda kitabaki ndani naye. Na je, niache kusoma ninapopika? Mama yangu alinifundisha kwa nia njema. Namba yangu ya simu nimeiandika nyuma ya bahasha.

Ni mimi, Mama Husna, Misima, Handeni.

*

MAMA BERNADINA ANAJIBU

Mama Husna, shikamoo yako nimeipokea, nimekuzidi miaka kumi na miwili, na ile picha ni ya zamani.

Barua yako ilinifikia Jumanne. Zamu yake ya kuchapishwa ilikuwa mwezi ujao, nyuma ya mama anayegombana na mkwewe kuhusu kuku. Kuku watasubiri. Nimeipandisha juu, na majina ya watu nimeyabadilisha. Lakini hata gazeti la wiki hii niliona litachelewa, nikakupigia siku hiyohiyo mara tatu, simu ikaita bila kupokelewa, nikakutumia ujumbe: "Mpeleke wifi yako hospitali leo, mengine utayasoma gazetini. Bernadina." Jioni ukanijibu neno moja. "Inshallah."

Sasa hapo ndipo tunapoanza kugombana, mama yangu. Nimekaa na Waislamu maisha yangu yote, nazijua Inshallah zenu. Kuna ya mtu aliyeshika mkoba yuko mlangoni, na kuna ya mtu ambaye hajainuka kwenye kiti. Ya kwako ilikuwa ipi? Umeniandikia kurasa nne kwamba umeshaamua, umelia, umeswali. Basi inuka.

Kwanza nikuambie kwa nini nina haraka, maana naona wewe na Mdoe mnakitazama kidonda kile kama vile ni suala la msikiti. Wifi yako ana kisukari. Ameacha vidonge. Ana kidonda cha wiki tatu mguuni, chenye ukingo mweusi na harufu, na hasikii maumivu. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nisimame jikoni kwangu na barua mkononi. Mwenye kisukari akibonyeza kidonda kwa ukucha asisikie kitu, hakijapona, ni mguu umekufa ganzi. Yeye amelipokea kama habari njema, na wewe umemwachia aendelee kufurahi. Watu wanapoteza vidole hivyo, wengine mguu mzima, na wengine wanazikwa. Sikutishi. Nakuambia kile ambacho daktari atakuambia kwa upole zaidi.

Nakuonea huruma, kweli. Najua ilivyo kukaa miaka karibu na viatu kisha siku moja ukavutiwa mkeka mbele. Yeyote angetabasamu. Lakini tabasamu lako kwa Yasinta lilikuwa dogo, kwa lile ningekusamehe kabla hujaomba. Kosa lako kubwa ni ile Alhamisi. Ulimsikia mgonjwa akisema ameacha dawa, mbele ya darasa zima la wanawake ambao baadhi yao nao wana vidonge nyumbani, ukanyamaza kwa sababu walikuwa wanakushika kichwa. Lile ndilo la kutubia, na toba yake haifanyiki chumbani peke yako. Nitafika hapo.

Kuhusu Qur'ani, mimi ni Mkristo, sitakufundisha dini yako. Nilichofanya ni kuvuka barabara kwenda kwa jirani yangu Mzee Ramadhan, ambaye amefundisha madrasa hapa Korogwe tangu mimi nina watoto wadogo, nikamsomea barua yako bila kutaja jina wala kijiji. Alicheka kwanza pale kwenye mafuta kuungua kwa sababu ya umbeya. Kisha akaniambia hivi, naandika kama alivyosema: "Mimi nina presha. Kila asubuhi nashika kidonge changu, nasema Bismillahi, nameza na maji. Nani kamwambia huyo mama achague kimoja? Mwambie mwenye barua kumwomba Mungu kwa Yasini ni haki ya kila mtu, na kwenda kwa daktari ni kutii, mwili ni amana. Na mwambie hajaifanyia mzaha, mama yake alikuwa mwanamke mwenye adabu jikoni, basi. Mzaha ni huu wa kuwaachia watu waamini kitu ambacho yeye anajua sicho." Nilimuuliza kama niandike jina lake. Akasema, "Andika, nimwogope nani?"

Kwa hiyo swali la Zamda, Qur'ani inaponya au haiponyi, usilijibu tena. Alikutega na ukategeka, kwa sababu hukuwa umesema la kwako kwanza. Ukienda kwake usianze na mguu wake, wala na hospitali. Anza na sufuria yako. Mwambie, "Wifi, kuna jambo nimekuficha. Ile Yasini ninayosoma jikoni ni ya kujua muda wa kuipua, mama alinifundisha kwa kukosa saa. Sikuwahi kuwasomea wagonjwa. Watu walidhani hivyo, nikawaachia kwa sababu nilipenda kuitwa Mama Yasini." Useme na hilo la kupenda, usiliruke. Mwenye mdomo unaokata kama Zamda atakuwa na mengi ya kusema hapo. Mwache aseme yote. Akutukane, akucheke, akuulize umeificha wapi aibu. Wewe kaa. Ukishatukanwa vya kutosha, na yeye ameishiwa, ndipo mwambie, "Sasa nimekuja kukuchukua."

Na Mdoe awe nawe, amesimama palepale. Mdoe, najua mkeo atakusomea hapa, nisikilize. Dada yako alikulea. Unamlipa kwa kumwogopa? Subira uliyomshauri mkeo ni ya mtu anayesubiri mvua, si ya mtu anayesikia harufu ya kidonda. Tafuta bajaji, usimpandishe dada yako bodaboda na mguu ule, na asitembee kuifuata barabarani, imfuate mlangoni. Kidonda kioshwe kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa, kifunikwe kwa kitambaa safi kikavu. Mafuta yasiguse hapo tena hata tone. Vidonge alivyobakiza abebe vyote, na amwambie daktari ukweli ni siku ngapi hajameza, asipunguze kwa aibu. Hivyo vijiko viwili vya asubuhi navyo aviache leo. Mafuta ya kunywa hayashushi sukari, yanamnenepesha tu na kumpa moyo wa uongo.

Akikataa? Usirudi nyumbani. Umeniambia mnaombana chumvi na viwanja vimepakana, basi hamishia mkeka wako kwenye baraza lake, upike hapo, uswali hapo, umwambie hutoki mpaka bajaji ije. Umwite na imamu wenu aje amwambie alichoniambia Mzee Ramadhan. Aibu ya kukaa barazani kwa watu ni ndogo kuliko ya kukaa matangani kwao.

Hilo la kwanza, na ni la leo. La pili ni la Alhamisi inayofuata. Utasimama mahali palepale aliposimama Zamda, utawaambia wale wanawake ulichomwambia yeye. Usihutubie, usilie sana, sema ukae. Waambie aliyeacha dawa yoyote kwa ajili ya chupa yako airudie kliniki wiki hiyo. Watakurudisha kwenye viatu. Nenda ukakae na viatu, umekaa hapo miaka mingi na sala zako zilipanda vilevile. Kisha mpigie Yasinta umweleze, maana yule alikuuliza swali la kweli na alistahili yale maneno matano. Yeye atawaambia wa Ngombezi, nawajua watu wa kambi, habari ya kurekebisha inatembea polepole kuliko ya ajabu, hivyo amrudie kila mteja mmoja mmoja.

Nimezaliwa kambini humo mimi. Baba yangu alikuwa mkata mkonge, na utomvu wa mkonge unawasha ngozi mpaka mtu hashiki kijiko. Kila jioni mama alimpaka mafuta ya nazi mikononi na kwenye viwiko, baba akanukia kama wali wa sikukuu. Mama aliyaamini mafuta yale kuliko wewe. Lakini siku ncha ya jani la mkonge ilipomwingia baba gotini, mama hakugusa chupa. Alimwinua, akamwegemeza begani, wakaenda zahanati na yeye bado amevaa aproni ya jikoni. Alijua mafuta yake yanaishia wapi. Na kwa kuwa alijua yanaishia wapi, tuliyaamini pale yalipofaa.

Ndiyo maana sikuambii uache kupika. Pika. Visigino, nywele, midomo ya watu wa Vugiri, wachanga waliotoka arobaini, wali na kisamvu cha Mdoe anayejifanya hajui, hayo umeyaandika kwa uhakika na ni kweli, uyauze hivyo, na anayekuja na presha au binti asiyeolewa umwambie waziwazi kwamba haya si ya hilo. Na Yasini endelea nayo, tatu kwa sufuria. Aliyekufundisha alikuwa na nia njema, na saa ya ukutani haiwezi kukuzuia kusengenya.

Nimebakiza moja. Umesema unajua kupima muda kwa Yasini. Nipimie huu: kutoka mlangoni kwa Zamda hadi hospitali kwa bajaji ni Yasini ngapi? Nadhani mbili, na barabara ikiwa mbaya tatu. Basi ukae naye nyuma, mguu wake uuweke mapajani mwako juu ya kanga safi, na mara hii umsomee yeye, kwa nia hiyo hasa, aliyodhani unayo siku zote. Ya tatu ikiisha muwe mmeshafika mapokezi.

Nasubiri ujumbe wako, simu yangu iko mkononi. Usiniandikie Inshallah. Niandikie Alhamdulillah, tumefika.